Korongo Anukiaye Iliki

Wazo lilimjia Eliakim maktabani Brooklyn Park, akipekua kitabu cha picha za Kijapani huku akingoja mtu wa kumpa lifti. Picha zile huchongwa kwanza kwenye ubao, ubao ukapakwa wino, karatasi ikagandamizwa juu yake. Moja ilikuwa na korongo kwenye mvua, akitazama kushoto, uliko mlima wa theluji. Eliakim, fundi wa maneno asiye na gari katika mji usioendeka bila gari, alikuwa na dola elfu moja na mia mbili. Toyota aliyoitamani kule mji jirani wa Blaine ilitaka elfu na mia tano, na mwenye gari angemngoja hadi Jumamosi tu.

Akatoa kopi, akailoweka kwenye chai ili izeeke, akaianika juu ya hita, kisha akampelekea Bi Fathiya, mwenye duka la kanga na viungo.

"Mama, hii ina miaka mia mbili. Iko moja tu dunia nzima. Three hundred, kwa sababu ni wewe."

Bi Fathiya aliinusa karatasi. Ilinukia iliki. Akatabasamu kwa adabu zote za Mombasa. "Maridadi! Hebu niipige picha, nimwonyeshe mume wangu. Njoo Jumamosi, mwanangu."

Jumamosi zile mia tatu zilikuwa tayari kauntani. Eliakim alizitia mfukoni pamoja na zake, na mguu mmoja ulishafika nje macho yake yalipoangukia beseni la mahamri. Lilifunikwa kwa ubao mweusi uliochongwa mlima, mvua na korongo. Korongo alitazama kushoto.

Akaurudisha mguu ndani. Picha yake ilikuwa ya uongo, hilo alilijua kuliko mtu yeyote, lakini ubao wenyewe! Mwenye ubao angegandamiza originals mia kwa siku. Na huyu mama anafunikia mahamri!

"Na hiki kibao, Mama?"

"Hicho? Nilikipata yard sale ya vikuukuu, kule Anoka. Sikiuzi, kimeenea beseni vizuri."

"Mia tano."

"Hata!"

"Elfu."

Bi Fathiya alimpangusa korongo unga kwa huzuni kubwa. "Elfu na mia tano, na picha yako nakurudishia."

Mtu mwenye akili zake angeuliza kwa nini. Eliakim alikuwa keshatoa noti.

Nyumbani alipaka wino, akagandamiza kwa mgongo wa kijiko, akabandua. Korongo alitazama kulia, mlima ukiwa nyuma ya mkia wake. Eliakim aligeuza karatasi, akageuza ubao, akageuza hata kichwa. Ndipo akaelewa: fundi wa kweli huchonga kinyume ili picha itoke sawa. Aliyechonga huu alinakili picha ya simu vilevile alivyoiona.

Akapiga simu. "Mama, umeni-con!"

"Mimi tena? Wewe ulikuja na chai ya iliki, mimi nikaja na shemeji yangu. Amechonga siku mbili, akapaka kiwi ya viatu, nikamlipa sahani ya biriani."

Toyota imekwenda na baridi inakuja, Eliakim alitaka kulia. Badala yake kicheko kikamponyoka.

"Mama," alisema kwa unyenyekevu mkubwa, "naomba namba ya huyo shemeji."