Miti ya Dunia Nzima Mpakani kwa Eliufoo

Jumatatu, 2 Mei 1938. Kirua Vunjo.
Bwana Shamba, yule Mzungu, atapita wiki ijayo kukagua vihamba, mashamba yetu ya migomba na kahawa. Kitakachompendeza kitakuwa kihamba cha mfano, na mwenyewe atafanywa msimamizi wa kitalu cha miche. Nimejitazama kwenye kioo cha mke wangu Magdalena. Uso wa msimamizi ninao. Kimebaki kihamba.

Jirani yangu Eliufoo naye anajiandaa. Anapogoa mibuni na kufagia chini ya migomba. Maskini, hana maarifa. Mzungu ameona migomba tangu afike huku, amechoka nayo. Mimi nitamwonyesha dunia.

Jumanne, 3 Mei.
Nimeshuka mjini kwa miguu hadi Majengo, kwa Salehe muuza miche. Mtu huyu anaijua miti kama wengine wanavyowajua mashemeji zao. Mwarobaini: kwao Uhindi, hutibu maradhi arobaini. Mforosadi: kwao Uchina, majani yake hulisha wadudu wa hariri. Mjakaranda wa Amerika ya Kusini kazi yake ni kuchanua zambarau na kusifiwa. Mkaratusi wa Australia hutoa nguzo zilizonyooka, harufu yake hufukuza mbu, nao hunywa maji kuliko ng'ombe. Nikauliza kama hunywa na ya jirani. Salehe akasema ya jirani ndiyo unayoanza nayo.

Nimechukua miche ya kila aina, mikaratusi mingi zaidi. Nimelipa kwa jogoo wa Magdalena. Magdalena anaamini amechukuliwa na mwewe.

Jumatano, 4 Mei.
Tatizo: pa kupanda. Kihamba kimejaa. Palipobaki ni mpakani, nako kumekaliwa na masale, yale majani marefu aliyoyapanda babu kuonyesha kwetu kunaishia wapi. Hayaliwi, hayachanui, hayatibu hata mafua.

Magdalena alinionya kwamba isale haling'olewi. Kwamba ndilo mpaka, na ndilo mtu hulishika mkononi akienda kuomba msamaha, na anayeletewa hawezi kukataa. Nikamjibu kwamba Waaustralia wanaishi bila hayo na hawajambo.

Eliufoo alikuwa msibani Marangu. Nikang'oa yote, nikatupa korongoni. Nikapanda dunia yangu mstari mmoja, na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshapata kasi, nikasogea hatua moja upande wa Eliufoo. Miti ya kigeni inahitaji nafasi.

Ijumaa, 6 Mei.
Eliufoo amerudi. Aliutazama mpaka. Kisha akanisalimu, akauliza habari za watoto, akaenda zake. Nimemweza.

Jumamosi, 7 Mei.
Balaa. Beberu wa Eliufoo alikata kamba akaingia kwangu. Hakuvunja uzio, maana uzio wenyewe niliutupa korongoni. Amekula Uchina. Amekula Uhindi, maradhi yote arobaini. Amerika ya Kusini ameacha kijiti. Australia hakuipenda, akailalia.

Magdalena alicheka hadi akakaa chini. Nimekwenda kumshtaki Eliufoo kwa wazee. Anilipe dunia nzima.

Jumatatu, 9 Mei.
Kikao. Mzee Ndelilio aliuliza beberu alikula akiwa kwa nani. Nikasema kwangu. Akauliza kwangu kunaishia wapi. Nikanyoosha mkono. Akasema mkono hauna mizizi.

Eliufoo naye akanyoosha wake, kwa upole kabisa, akaonyesha ng'ambo ya migomba ya mshare, ndizi za kupika, aliyoipanda mama yangu. Nikapiga kelele. Mzee akauliza ni nani aliyeng'oa masale. Magdalena, mke wangu wa ndoa, akakohoa.

Hukumu: nipeleke isale kwa Eliufoo, na mbege, pombe yetu ya ndizi, niombe msamaha. Kisha yeye ndiye atakayepanda masale mapya mbele ya wazee, pale anapokumbuka mpaka ulikuwa. Nimeumia. Magdalena alipojifungua binti yetu Ruth, mtori wake, supu ya ndizi ya mzazi, ulitoka kwenye migomba ile.

Jumanne, 10 Mei.
Isale sinalo. Yale ya korongoni mvua imeyabeba. Nimebisha kwa majirani wote. Kila mmoja akasema yake bado machanga. Walikuwa wakisema huku wameegemea masale marefu kuliko mimi.

Ukabaki uzio mmoja, wa juu kwa Eliufoo. Basi nikaenda kumwomba Eliufoo isale la kumwombea Eliufoo msamaha. Alilichagua mwenyewe, akaniuliza kama nataka lililofungwa fundo, kama wafanyavyo waomba msamaha, au bila fundo. Akaingia ndani, akavaa shati safi, akatoka, akaketi. Nikamkabidhi jani lake. Akalipokea kana kwamba hajapata kuliona. Sijawahi kuaibishwa kwa adabu kiasi kile.

Alhamisi, 12 Mei.
Jana masale mapya yalipandwa. Migomba ya mama iko ng'ambo, kwa Eliufoo.

Leo Bwana Shamba amepita. Kwangu alisimama, akaokota mkaratusi uliolaliwa, akaunusa, akauliza ni tembo gani aliyeulalia. Kihamba cha mfano ni cha Eliufoo. Alisifiwa hasa kwa migomba yake ya mshare.

Jioni msimamizi mpya wa kitalu alimletea Magdalena mkungu. Mkungu wa mama yangu, na bado tukamshukuru! Tumekula mtori. Ulikuwa mtamu, na hilo limenikasirisha zaidi.

Jumapili, 15 Mei.
Sikwenda kanisani. Sina koti. Koti liko Majengo kwa Salehe tangu jana, na mimi ninao mwanzi wa Uchina.

Huu ndio mmea! Hufumwa vikapu, hujengewa, chipukizi lake huliwa. Lakini uzuri wake uko chini. Mizizi hutembea gizani, haiheshimu ukuta wala isale, na popote inapofika hutoa machipukizi na kumiliki. Haung'oleki, ameapa Salehe. Mbuzi akila chipukizi moja, hutoka kumi. Kidogo kidogo utanirudishia migomba ya mama, na hakuna mzee atakayeona mkono wangu.

Ili nisishukiwe, sikuupanda mpakani. Nimeupanda nyuma ya jiko letu, kati ya jiko na zizi. Magdalena amesimama na mwiko, akauliza ni nani atakayeuambia utembee kwenda kwa Eliufoo na usiingie jikoni kwetu.

Maswali ya mtu asiyesoma. Nimeupanda ukiwa umemwelekea Eliufoo.