Jasusi Anayefuga Kuku

Jumatatu, 4 Machi

Njama imeanza. Mama Mkurugenzi, aliyeirithi kampuni ya filamu kwa baba yake, ametuita asubuhi na kutangaza kwamba jasusi wetu amechakaa. Amechakaa! Filamu ishirini na moja, na kumi na tatu nimeziandika mimi. Eti watazamaji wanajua atakachofanya kabla hajashuka kwenye gari. Ijumaa atachagua njia mpya, na mwenye wazo ndiye atakayeandika filamu ijayo. Nikamtazama Miwani, mwandishi mpya. Alikuwa anaandika kitu kwenye daftari. Anaandika nini?

Jioni nimeenda kunyolewa. Kinyozi akauliza habari za kazi, nikammwagia zote. Pale ndipo napumua. Yeye ni mtu wa mkasi na redio, filamu hazimhusu. Mkewe ndiye anayeandika ukurasa wa burudani gazetini, lakini huyo hata simjui.

Jumanne, 5 Machi

Tangazo limo gazetini! Lote, mpaka lile neno la kushuka kwenye gari. Kuna msaliti ofisini. Ni Miwani, au ni Mhariri, yule anayekata picha huku akicheka peke yake.

Nimetega mtego. Kila mmoja nimempa mwisho wa uongo wa filamu ijayo, tofauti na wa mwenzake. Utakaotokea gazetini utamtaja mwizi. Miwani nimemnong'oneza kwenye ngazi kwamba jasusi anastaafu, anafuga kuku, na hawamtii. Akasema kaka, hilo ni wazo zuri sana. Mnafiki! Mhariri nimemwambia jasusi ana pacha. Akacheka. Anacheka nini?

Nimepita kwa kinyozi anirekebishe kisogo. Nimemsimulia miisho yote miwili. Kwamba ni mtego sikumwambia. Siri ni siri.

Jumatano, 6 Machi

Kuku wamo gazetini. Na pacha yumo! Ukurasa mmoja! Nimekaa kwenye ndoo ya deki. Maana yake ni moja tu: wameungana.

Nimewafuata kantini. Wamekaa meza moja. Wamepeana chumvi! Nilijibanza nyuma ya jokofu la soda hadi mpishi akaniuliza kama nimeangusha kitu.

Mke wangu ameuliza ni nani mwingine aliyejua miisho yote miwili. Nikamjibu hakuna, ni mimi na kinyozi tu. Akanitazama sana, kisha akatoka kwenda kuanua nguo. Mambo ya ujasusi hayajui.

Alhamisi, 7 Machi

Sikulala vizuri. Mama Mkurugenzi akidhani kuku ni wangu, nimekwisha. Kusema kweli naogopa. Miaka kumi na sita sijaandika mtu mwingine ila huyu jasusi. Wakiniondoa, nitaandika nini? Nitakuwa nani?

Nimemwandikia Mama Mkurugenzi barua. Upuuzi wa kuku ni wa Miwani, mia kwa mia. Sikuuwaza, siutaki. Nimetia sahihi, nikagonga na muhuri. Wazo langu halisi nimeliambatanisha: jasusi anabadilisha gari.

Ijumaa, 8 Machi

Simu zimelia tangu ofisi ifunguliwe. Watu wanawataka kuku! Mama Mkurugenzi alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Amesema mtu aliyepindua serikali tatu kushindwa na jogoo, hiyo ndiyo njia mpya. Akamwita Miwani ampongeze.

Miwani akasimama mbele ya wote akasema hapana mama, wazo ni la kaka. Ni langu! Moyo ulinilipuka kwa furaha. Nikafungua mdomo nishukuru. Mama Mkurugenzi akatoa barua yangu akaisoma, neno kwa neno, hadi muhuri.

Miwani ataandika filamu. Mimi nimepewa kazi ya kutafuta kuku arobaini wapole wasioogopa taa. Nimejifungia chooni nikalia.

Jumamosi, 9 Machi

Akili imenirudia. Sasa naona mchezo wote: Miwani alinitaja makusudi, ili barua isomwe. Mtoto hatari! Lakini nina mpango mpya. Jumatatu wakati wa chakula nitalichungulia lile daftari lake, na jasusi atakuwa wangu tena.

Safari hii simwamini mtu. Nimemweleza kinyozi peke yake, hatua kwa hatua. Muungwana yule. Alizima redio asikose hata neno.