Chaji kwa Wote

Napenda kuutaarifu umma kwamba suala la kuchaji magari ya umeme kwa watu wanaotumia viti vya magurudumu limepatiwa ufumbuzi wa kudumu, na kwamba yaliyotokea siku ya uzinduzi hayakuwa tatizo. Yalikuwa changamoto. Tatizo linahitaji mtu wa kulaumiwa. Changamoto inahitaji semina tu.

Nazungumza kwa mamlaka, maana mimi ndiye Naibu Mkurugenzi wa Uchajishaji Shirikishi. Neno "uchajishaji" nililiunda mwenyewe na ndilo lililonipandisha cheo. Kabla ya hapo nilishughulikia mifereji, na sijawahi kuona mtu akipanda cheo kwa kutamka "mfereji".

Kituo chetu kilijengwa ubavuni mwa jengo la wizara. Kilikuwa na mashine mbili. Moja ilisubiri kipuri, kwa hiyo tuliifunika turubai lenye picha ya Waziri akitabasamu. Nyingine iliwekwa juu ya jukwaa la zege linalofika magotini, isije ikagongwa na gari. Kisha jukwaa likazungushiwa nguzo za chuma, nalo lisije likagongwa. Ilipofika zamu ya skrini, Injinia akataka kujua kimo cha mwananchi wa kawaida. Mimi nilikuwa karibu. Alinisimamisha ukutani, akapiga mstari usawa wa pua yangu, na tangu hapo mimi ndiye mwananchi wa kawaida.

Jioni hiyo nilirudi nyumbani kifua mbele kumpa mke wangu habari.

Mke wangu ni mwalimu wa hesabu, na amekuwa akitumia kiti cha magurudumu tangu kabla hatujajuana. Gari huliendesha kwa mikono tu. Kasi na breki viko kwenye mpini mmoja chini ya usukani. Gari lenyewe ni la umeme. Tulilinunua kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia watu kazini kwamba tunalo.

"Usawa wa pua yako?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Na pua yangu je?"

Nikamwambia suala la pua yake limepangwa awamu ya pili.

"Sikiliza, baba," alisema. "Kwenye kituo cha mafuta mhudumu alikuwa ananifuata dirishani. Namwambia jaza, nalipa, naondoka. Sishuki. Sasa nyinyi mmeleta maendeleo: nishuke, niunge kiti, nipande zege, ninyanyue waya mnene kama chatu. Kwa nini hamkuniuliza?"

"Tuliunda kamati ya kuuliza."

"Ilimuuliza nani?"

"Iliulizana."

Alicheka, lakini si kicheko cha kunifurahisha mimi. Nikatumia nafasi hiyo kumweleza kwamba wizara imemteua kuwa raia wa kwanza kuchaji gari mbele ya kamera. Akakubali upesi mno. Mtu mwenye akili zake angeingiwa na wasiwasi. Mimi nilikwenda kupiga pasi shati.

Siku ya uzinduzi, mkurugenzi wangu alifika alfajiri kusimamia maandalizi. Tunamwita Bosi Kapeti kwa sababu anaamini hakuna kasoro isiyofunikika. Alitandika kapeti jekundu kutoka barabarani hadi kwenye jukwaa, likapanda juu yake na kushuka upande wa pili.

"Ukitazama kwa mbali, zege halionekani," alisema kwa fahari.

Ni kweli, halikuonekana. Mpiga picha wa kwanza kufika alijikwaa, akaanguka nalo kifudifudi.

Waziri aliwasili katika gari lake jipya la umeme, ambalo asubuhi nzima lilizungushwa mjini kupigwa picha. Dereva wake alininong'oneza kwamba chaji inakata. Nikampigapiga bega. Wasiwasi wa nini, na tuko kituoni? Magari yote ya petroli nilikuwa nimeyaondoa mwenyewe yasitie moshi kwenye picha, na polisi walikuwa wamefunga barabara kwa ombi langu la maandishi.

Kisha akaja mke wangu. Nyumbani huwa tunachaji kwa waya unaopita dirisha la jikoni, lakini umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, kwa hiyo naye alifika kwa kudra tu. Aliegesha kwenye nafasi pekee iliyokuwepo, gari likazima. Akafungua mlango, akatoa fremu ya kiti, akachomeka magurudumu, akajihamishia kitini. Umati ukalipuka kwa makofi.

"Wanashangilia nini?" aliniuliza.

"Wameguswa."

"Na mtu kushuka garini? Waambie kesho napiga mswaki, wasikose."

Alijisukuma juu ya kapeti mpaka kwenye nguzo za chuma. Kiti hakikupita. Akajaribu kwa pembe, hakikupita. Akasimama hapo, akainua uso kuitafuta skrini, ambayo wakati huo ilikuwa ikimkaribisha kwa upendo mkubwa kutoka juu ya kichwa chake.

Bosi Kapeti alipiga vidole. Wakatokea vijana wanne wa ulinzi.

"Mnyanyueni shemeji."

"Mtu asinishike," alisema mke wangu. "Mimi si kochi."

Vijana wakabaki na mikono hewani. Basi nikaona niokoe jahazi, nikaenda kushika kebo mwenyewe.

"Acha," aliniambia. "Kwanza soma hilo bango. Kwa sauti."

Lilikuwa bango langu. Nilisoma: "Kwa usalama wa mtumiaji, ni marufuku kwa mtu asiye dereva wa chombo husika kugusa kebo."

"Nani kaandika upuuzi huu?" aliuliza Waziri.

"Idara, Mheshimiwa," nilisema.

"Mimi nafuata sheria," alisema mke wangu. "Nitasubiri." Akatoa madaftari ya wanafunzi kwenye mkoba wake, akaanza kusahihisha.

Hapo ndipo dereva wa Waziri alipoongea kwa sauti. Gari la Mheshimiwa lilikuwa limekufa kabisa. Mashine ilikuwa moja, nafasi moja, na kwenye nafasi hiyo kulikuwa na gari la mwalimu, lililozima, funguo zikiwa mapajani pake chini ya madaftari. Waziri alikuwa na kikao na Mkubwa wa nchi, na Mkubwa hapendi kusubiri. Televisheni ilikuwa inarusha yote moja kwa moja.

Waziri alitazama saa. "Vunjeni," alisema.

"Mheshimiwa," Bosi Kapeti alianza, "pengine tungeunda kikosi kazi cha—"

"Vunja!"

Nyundo iliazimwa kwa mafundi wa jengo la jirani. Mafundi walijitolea kuja nayo, lakini Waziri alitaka taifa lione wizara ikiwajibika, kwa hiyo nilivua koti. Pigo la kwanza lilinirudi mpaka kwenye meno. Zege lile lilikuwa imara ajabu. Ndicho kitu pekee katika mradi mzima kilichojengwa kwa viwango. Injinia alinipokea, akapiga mara chache, akaomba maji. Bosi Kapeti alishika msumeno, akahangaika na nguzo ya chuma huku akiwaeleza waandishi kwamba hii ni sehemu ya ratiba.

Nilipopiga magoti kuondoa vipande, niliinua kichwa. Skrini sikuiona. Niliona jua tu, likanichoma macho, na maandishi meupe yaliyofutika kwenye mwanga. Nimelala kitanda kimoja na mwanamke huyu miaka yote hiyo, na sikuwahi hata siku moja kushuka kutazama dunia kutoka hapo alipo. Nilisikia aibu, ile ambayo haina pa kuandikwa kwenye ripoti. Nikamgeukia. Alikuwa akiweka alama nyekundu ya kosa kwenye daftari, macho yake kwangu.

"Endelea, baba," alisema taratibu. "Bado kidogo kulia."

Njia ilipopatikana, alipita. Skrini tuliing'oa ukutani, ikawa inaning'inia kwa nyaya zake karibu na magoti yake. Akagusa, akavuta kebo, akachomeka. Mashine ikalia. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wamechoka kwa niaba yetu.

"Itachukua muda gani?" Waziri aliuliza.

"Chaji yangu ya kunifikisha mjini, kidogo tu. Ya kwako, Mheshimiwa, gari lako ni kubwa. Kanywe chai kwanza."

Nilimwona Waziri akipiga hesabu, akirudia, akipata jibu lilelile.

"Mama, kwani unaelekea upande gani?"

"Panda," alisema mke wangu. "Ila utashika vitu."

Betri ya gari lile imekula buti yote. Fremu ya kiti ilikaa nyuma pamoja nami, imenikaba shingo. Magurudumu mawili aliyapakata Waziri, na suti yake ilikuwa nyeupe. Bosi Kapeti tulimwacha akitandika kapeti juu ya kifusi.

Tulifika kwenye lango kuu la jengo la vikao bila bendera, bila ving'ora. Mlinzi aliinama dirishani, akaona mpini chini ya usukani, akaona mzee aliyepakata gurudumu.

"Habari zenu. Gari la walemavu? Lango la pembeni, mama."

Tulizunguka hadi lango la pembeni. Lilikuwa na kufuli. Baada ya muda mlinzi akatufuata kwa miguu, polepole.

"Mwenye ufunguo katoka kidogo," alisema. "Msubirini tu."

"Kijana," Waziri alisema, "unanijua mimi ni nani?"

Mlinzi alimtazama kwa huruma. "Mzee wangu, hapa wote mnauliza hivyo hivyo. Sisi tunafuata utaratibu."

"Na mpumbavu gani aliyeweka utaratibu huu?"

"Ni agizo la waziri mwenyewe, mzee," alisema mlinzi. "Siku ukimwona, mwambie na sisi anatuchosha." Akarudi zake langoni.

Mimi nilijisogeza nyuma ya fremu, nikajifanya kipuri. Mke wangu alinyoosha mkono, akazima kiyoyozi, na jua la mchana likaanza kumchoma Mheshimiwa kupitia kioo chote.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema. "Nabana chaji."