Step-down ya Mama Milcah

Mheshimiwa Mlezi wa Chama, Waheshimiwa Wachungaji na Masheikh, Waheshimiwa Wajumbe wa vitongoji vyetu vya huku ughaibuni, Rissne, Sundbyberg na Jakobsberg, mabibi na mabwana, na wewe Mama Milcah uliyesogezwa hapa mbele ili upigwe picha nami, itifaki yote izingatiwe kama nilivyoelekeza! (Makofi, hasa kutoka meza ya Mwenyekiti.)

Kama mjuavyo, tangu Mama apatwe na kiharusi anazungumza kwa kompyuta iliyofungwa kwenye kiti chake cha magurudumu, nayo hutumia umeme wa betri ya kiti baada ya kupunguzwa na kifaa kidogo kiitwacho step-down. Kompyuta ilipozimika, mimi Mwenyekiti wenu, kama kiongozi mwenye vision, niliuliza kwenye grupu letu la WhatsApp, “Tatizo ni nini?” Injinia Oduor akajibu, nanukuu: “Mwenyekiti, ni step-down tu. Tubadilishe.” Mimi! Ni-step down! Yaani nijiuzulu! (Minong’ono.) Kwa uungwana wangu sikukasirika, bali niliunda Task Force ya kuchunguza mapinduzi, ambayo iligundua kwamba asilimia tisini na nane ya wanachama wananipenda, na asilimia mbili iliyobaki ni Oduor. (Vicheko.)

(Oduor, kutoka nyuma: “Aki Mwenyekiti, nilisema kifaa! Nilipopima, umeme wa betri ulikuwa unaingia sawa, lakini ukiwasha kompyuta, ule wa kutoka unaporomoka. Kapasita, kile kijipipa cha kutunza umeme ndani yake, imevimba!”)

Point of order, Injinia! Suala la kuvimba tumeshalipeleka kwenye kamati ndogo ya afya. Na ieleweke kwamba Alma, binti yake Mama, alikuwa amepata miadi ya kutengenezewa kiti na manispaa, nami nikamwagiza aifute, kwa sababu jumuiya yenye capacity kama yetu haiwezi kuombaomba wakati inayo Karakana ya Kisasa pale Jakobsberg, ambako kifaa hicho kinafanyiwa diagnosis ya kina pamoja na stakeholders wote.

(Alma, anasimama: “Lakini mama hajasema neno tangu mwezi uliopita!”)

Kabisa, binti yangu! Hajalalamika hata mara moja. Asiyepinga amekubali, na iandikwe hivyo kwenye kumbukumbu za mkutano. (Mama Milcah anapiga mkono wa kiti kwa kiganja, kwa nguvu, tena na tena.) Mnaona? Anapiga makofi!

Basi tuitikie pamoja. Voltage! (Wachache: “Ishuke!”) Mwenyekiti! (Meza yake: “Abaki!”)

Mwisho nawashukuru mliokwenda Jakobsberg kuitafuta karakana mkaikosa, kisha mkaninyamazia kwa heshima. Siku tukipata chumba, fundi na vifaa vya kupimia, kazi yetu ya kwanza itakuwa kukitafuta kile kifaa cha Mama, maana alinikabidhi mimi mwenyewe kikiwa kwenye mfuko wa plastiki, na nadhani niliuacha kwenye treni. Asanteni sana.