Pipa Langu la Wadudu

Jumatatu, tarehe 4 Machi 2024

Nimetoka semina, ukumbi wa parokia. Mkate wa bure, na akili ya bure! Madame Nathalie, agronomu, yaani mtaalamu wa kilimo, ametufundisha kwamba maganda ya muhogo na majani ya mpunga, yakichanganywa na makaa ya mawe na kufungiwa ndani ya pipa lisilopitisha hewa, huliwa na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Wakishiba, wanatoa gesi ya kupikia. Bila moshi! Wenzangu walisinzia. Mimi nilibaki macho.

Sababu ni Philomène, mke wangu. Miaka ishirini na sita anapikia kuni. Mvua hizi kifua kimemshika vibaya, anakohoa mpaka anashika ukuta. Daktari alisema aachane na moshi, la sivyo aende akakae kwa dada yake Odette, kule Tunda, mbali na jiko. Sitaki aende. Haya nayaandika hapa kwa sababu mbele yake ulimi hunifia.

Nimemwahidi kwamba siku ya Pasaka atapika bila moshi. Akauliza kama ahadi hii ni ndugu ya ile ya mashine ya sabuni. Sabuni ile bado haijatoka.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Madame Nathalie alisikitika kwamba hapa Kindu makaa ya mawe hayapatikani tena. Nilicheka moyoni. Ninayo!

Baba alikuwa mtu wa reli. Ujanani alitia makaa ya mawe katika injini. Mwaka 2002, vita vimetufunga pande zote, treni haifiki, chumvi tunaionja kwa ncha ya kidole, alirudi nyumbani na magunia mawili madogo akayafukia nyuma ya choo. Aliniambia: “Ile mawe nyeusi musiitupe. Siku moja itawasaidia.” Hakueleza zaidi, na mwaka uliofuata tukamzika. Sasa mtu wa reli ataficha nini kama si makaa ya mawe?

Leo nimefukua. Meusi tititi! Na mazito: gunia la kukumbatia tu, lakini kiuno kimelia. Philomène akashika kokoto moja akaipima mkononi, akaniuliza: “Baba Neema, hii njo makaa gani yenye kuwa nzito hivi?” Nikamweleza kwamba ni makaa ya wakati wa Wabelgiji. Vitu vya zamani vilikuwa na uzito.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Siku ya kutafuta wadudu. Madame anasema wanakaa tumboni mwa ng'ombe. Ng'ombe hapa kwetu ni mgeni, anakuja kuchinjwa tu. Nimekwenda machinjioni kuomba kile kinachotupwa, nikakitia ndooni, ndoo kichwani. Ndoo ilikuwa na tundu. Sokoni watu walinipisha kama gavana!

Kisha kutwanga mawe. Kinu cha Philomène kimepasuka. Mawe hayakupasuka. Ubora huo! Nimetia gunia zima hivyo hivyo, kokoto kwa kokoto, juu yake maganda, majani, maji na wale wadudu. Pipa ni la Philomène, la kuchemshia mawese. Nimeliazima kwa niaba yake. Kifuniko nimekiziba kwa udongo, na juu nimefunga mpira wa ndani wa pikipiki wenye bomba dogo, ili gesi ipate pa kukaa na pa kutokea.

Siku arobaini, alisema Madame, na pipa lisifunguliwe kabisa, hewa inawaua. Kutoka leo hadi Pasaka ni siku ishirini na tatu. Wadudu wa hapa kwetu Maniema ni wachapakazi. Watawahi.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Mtu hawezi kupokea wageni asiwaulize kama wamelala vizuri. Kwa hiyo kila asubuhi nafungua kidogo, nasalimia, nafunga.

Leo adhuhuri mpira umevimba! Nikaita mtaa mzima. Nikawasha kiberiti mdomoni mwa bomba. Kikalia fyuu, kikazima. Cha pili, fyuu. Cha tatu hivyo hivyo. Jioni jua lilipopoa mpira nao ukanywea. Okito, jirani yangu, alicheka mpaka akakaa chini. Huyu alikaa miaka kumi Kampene kwenye machimbo ya madini, tangu hapo anajiona anajua kila kitu kilichomo ardhini. Sisi watu wa reli hatujawahi kuingia mashimoni kama panya.

Baadaye akaja Mzee Soudi, mtu mpole. Akaniomba kwa heshima, kwa kuwa ni Ramadhani, kama naweza kuwaachia pua zao angalau saa ya kufuturu. Harufu ni dalili ya kazi, lakini sikumwambia hivyo. Niliona aibu.

Jumapili, tarehe 24 Machi

Kanisani Philomène hakuweza kumaliza wimbo. Alikaa chini katikati ya ubeti, kuti la Jumapili ya Matawi mkononi, watu wakageuka kutazama. Niliogopa sana. Niliporudi nyumbani nilifungua pipa mara nne kuwabembeleza wadudu.

Jumapili, tarehe 31 Machi. Pasaka

Niandike nini?

Mchele umeoshwa. Samaki wa Lualaba amekwisha tiwa chumvi. Wageni wamekaa, na Okito yuko mbele kabisa, kwenye kiti changu. Nikafungua bomba. Nikawasha. Pakatoka pumzi moja ya harufu, basi. Nikatingisha pipa. Nikalipiga teke. Mguu umevimba kuliko mpira.

Philomène alikwenda mwenyewe akaleta kuni, zimeloa, akapika huku anakohoa, machozi yanatiririka, na mimi nimesimama nimeshika kifuniko cha sufuria. Tulikula wote. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumanne, tarehe 2 Aprili

Ameondoka na pikipiki, kwenda Tunda. Amefunga nguo zake katika kitenge kimoja, nyingine ameziacha. Maneno yake ya mwisho: “Siku jiko yako itakuwa haina moshi, nitarudia. Si mbele ya ile siku.” Nyumba imenyamaza. Hata kile kikohozi nakitamani.

Mchana Okito alikuja kulalamika juu ya harufu. Akatia mkono ndani ya pipa, akatoa kokoto, akaziosha, akazigeuzageuza juani. Kicheko kikamwisha. Akauliza kama najua hiki ni kitu gani. Nikamjibu kwamba ni makaa ya mawe ya marehemu baba, na hayafai kitu. Akauliza tena kama nina hakika. Mara ya tatu akasema: “Ndugu Donatien, hii ni mali ya baba yako. Angalia muzuri.”

Dhihaka hiyo naijua! Nikamwambia achukue yote akatie mbolea shambani kwake, na lile gunia la pili ambalo sijalifungua achukue pia. Tena nimemlazimisha aoshe pipa! Amelisugua kwa mchanga mpaka linang'aa. Katika mwezi huu wote, leo tu nimeshinda.

Jumamosi, tarehe 27 Aprili

Okito amekuja na viatu vipya. Amebeba jiko la gesi, jipya, na chupa zake mbili zimejaa, limetoka Goma kwa ndege. Hakukaa hata kidogo. Alisema yale mawe yalikuwa kasiteriti, madini ya bati, kwamba Kampene hata mtoto anaijua kwa uzito wake, kwamba ameiuza, na kwamba usingizi umemkataa, maana amekula wali wa Philomène mara nyingi. Jiko ni la Philomène. Ameshampigia Odette simu.

Akaliwasha mbele yangu. Moto wa buluu. Moshi hakuna hata uzi! Nililia. Sioni haya kuliandika.

Jumapili, tarehe 28 Aprili

Nimefikiri tangu misa ya kwanza. Baba alikuwa mtu wa reli. Kwa hiyo yaliyoingia ndani ya pipa yalikuwa makaa ya mawe. Kilichotoka ni kasiteriti, Okito mwenyewe amekiri. Sasa nani aliyageuza?

Wadudu wangu!

Gunia la pili lilikaa nje ya pipa, ni kweli, lakini lilikuwa karibu. Harufu ilifika.

Nimekwenda mbio kwa Bulaimu, muuza mawese. Tumebadilishana mapipa matatu, makubwa, kwa jiko moja na chupa zake! Alinitazama sana, akaniuliza mara tatu kama nina hakika. Wivu. Nimeyajaza yote maganda na makala ya sokoni, yaani makaa ya miti, kwa kuwa makaa ya mawe yamekwisha. Safari hii ni siku arobaini kamili, na sifungui. Nimefungua mara moja tu, kuwakaribisha.

Odette amepiga simu. Philomène amesikia habari ya jiko, ameimba tangu jana, anafunga mizigo. Atafika Alhamisi. Namngojea kwa furaha isiyo na kifani. Nimemtafutia kuni, za kuanzia tu. Baadhi ni mbichi kidogo.