Sahani ya Chenga kwa Klara

Jumatatu, 3 Julai 1978. Kahama.
Nimepata njia ya kumpata Klara! Bwana Tung, mtaalamu wa mpunga kutoka Vietnam, ambaye mimi ni karani wake, ameniambia kwao Saigon wali wa chenga unauzwa barabarani. Chenga hizi hizi tunazowamwagia kuku! Juu yake nguruwe wa kuchoma, yai, achari na maji ya samaki waliovundikwa. Anautamani mno. Basi Klara aupike gengeni kwake, mgeni asifu, Klara ajue nani kamletea sifa. Mpango hauna kasoro. Nimeshaanika chupa ya dagaa na chumvi juani.

Jumanne, 4 Julai.
Nimeagiza. Saa saba mchana, genge limejaa, sauti ya juu. Nikamwambia Klara anipakulie chenga, najua anazo. Nilisahau kwamba anapepeta mchele wake tangu alfajiri isibaki chenga hata moja, na ndiyo sifa yake mjini. Akaniuliza kama namwona mchafu, au yeye anapikia kuku. Donatus, fundi baiskeli, ambaye naye anamtaka, akacheka hadi akapaliwa. Kisha akausifu wali punje kwa punje. Mnafiki!

Jumatano, 5 Julai.
Nimezunguka magenge mengine manne. Kwa Mama Generosa nimerushiwa mwiko. Chenga nitazitengeneza mwenyewe. Nimenunua mchele safi dukani kwa Mzee Ishwarlal, nikautwanga. Umekuwa unga. Mzee aliposikia alishika kichwa.

Ijumaa, 7 Julai.
Chupa ya dagaa imenipasukia ofisini. Suruali ya kazini ninayo hiyo moja. Bwana Tung amefungua madirisha yote ya ofisi, akanusa tena, akatabasamu, akasema amekumbuka nyumbani. Dalili njema!

Jumamosi, 8 Julai.
Nimejikaza, nimempeleka Bwana Tung kwa Klara. Mama yake Klara nimempa shikamoo mara mbili kwa woga. Bwana Tung akajieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: mama yake aliuza wali wa chenga kando ya barabara, ndio uliomsomesha. Klara akaingia nyuma, akarudi na debe la chakula cha kuku. Akazichambua chenga, akazipika. Mgeni akala sahani tatu, akafuta machozi. Mimi pia yalinilenga, nakiri. Klara akaniambia ningeanza kwa kumweleza, siyo kumwaibisha mbele za watu. Halafu akasema kesho baada ya misa nije nile. Nije! Donatus kasahau kutafuna.

Jumapili, 9 Julai.
Nimekula. Klara amekaa mezani kwangu! Amecheka mara mbili, kwa wema. Amenisimulia kwa fahari kwamba tangu ajue kupika hajawahi kuunguza wali. Nampenda. Sasa ni kumalizia tu. Bwana Tung ameniambia kwao hata ukoko ni chakula cha kuagizwa, na wenyewe wanaugombania. Kesho saa saba, genge likishajaa, nitamwagiza Klara kwa sauti ya juu sahani nzima ya ukoko. Atafurahi huyo!