Kwa Nini Mlimuuliza Iddy

Kwa Mganga Mfawidhi,
Kliniki ya Waraibu,
Dodoma.

Mheshimiwa Daktari,

Mimi ni Bibi Tabu wa Mkonze. Iddy ni mjukuu wangu, yule mrefu mwenye kovu kwenye paji la uso, anayekuja kwenu kila siku kunywa ile dawa ya kumwachisha heroini. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo sijui kuzunguka. Mmeniudhi.

1. Jumanne nilimleta mwenyewe. Daktari wako, yule binti Aneth, akaniamkia vizuri, shikamoo bibi, nikajua huyu kalelewa. Kisha akanipa mgongo na kumuuliza Iddy, "Wewe unaonaje, tupunguze dozi au tusubiri kwanza?" Nikadhani anatania. Mtu aliyeuza mlango wa choo changu, mimi nikiwa ndani, ndiye anaulizwa anaonaje. Sisi tukiwapeleka mbuzi joshoni hatuwaulizi kama maji ni ya baridi.

2. Iddy akajibu tusubiri, eti mwili bado haujatulia. Daktari akaandika hivyo hivyo. Mimi nilishapanga amalize hiyo dawa kabla ya mfungo, na nimewahi kuwasaidia: mwezi wa pili tangu aanze, nilimfungia ndani siku tatu asije kwenu, ili apone haraka. Akatokea paani, na bati akaondoka nalo. Tulimpata wiki iliyofuata, stendi, kaurudia unga, hajitambui. Daktari Aneth alisema nusura afe. Sawa, nimesikia. Lakini kosa lilikuwa la fundi, bati halikupigiliwa vizuri.

3. Nasikia mna kamati ya wagonjwa na Iddy ni mjumbe. Kamati hiyo ikasema dirisha la dawa lifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi, ili wenzake wawahi vibarua kwenye mashamba ya zabibu. Mkakubali. Yaani siku hizi mateja ndio wanaowaamsha madaktari. Mwakani wezi wataitwa mahakamani waulizwe wangependa miaka mingapi, na watoto wa shule watapigishwa kura kama mtihani uwepo.

4. Hili ndilo limenifika hapa kooni. Iddy ameileta tabia yenu nyumbani. Ananiambia, "Bibi, ukitaka kupekua mifuko yangu niambie tu, nitaigeuza mwenyewe." Hata raha ya kumvizia nimenyang'anywa. Tena anataka nikiingia chumbani kwake nipige hodi. Hodi, Daktari, kwenye nyumba ambayo matofali yake nilifyatua kwa mikono hii.

Kwa hiyo naomba Iddy atolewe kwenye kamati na nafasi yake nipewe mimi. Uzoefu ninao. Nilipomfunga kamba, nilimponya. Nilipompeleka kijijini Haneti kwa mjomba wake akachunge, nilimponya. Kwa mganga wa mitishamba nilimponya, na kwa dua nilimponya mara mbili. Jumla nimemponya mara tano. Nyie mnakwenda naye mwezi wa tisa sasa na hamjamponya hata mara moja. Anakuja, anakunywa, anakwenda kazini, anarudi na mboga, anakula, analala. Basi. Hayo ndiyo matibabu?

Nisalimie wauguzi wote, na mlinzi wa getini aliyeniachia kiti chake, na huyo Daktari Aneth, ambaye nimemsamehe nusu.

Ni mimi niliyeudhika, ila kwa heshima,
Bibi Tabu, Mkonze.

Tanbihi. Kuna jambo lingine, halihusiani kabisa na hili. Wenzenu wa kliniki ya sukari wamesema kidole changu cha mguu wa kushoto kikatwe Alhamisi. Wamekubaliana wao kwa wao, na mimi nimekaa pale pale kama gunia la mtama. Waambie hakikatwi kabla sijaulizwa. Mguu ni wangu, na ninayejua unavyouma ni mimi. Alhamisi nitaingia na Iddy. Yeye amezoea kuulizwa na anajua kuwajibu. Mimi nikiona koti jeupe huwa naitikia ndiyo tu.